Mahindi Yakigeuka Manjano, Usikimbilie Chokaa

Karibu kila msimu hutukia jambo lile lile. Mvua hunyesha, mahindi huota vizuri, na mwenye shamba hufurahi. Kisha mahindi yakikaribia urefu wa goti, majani machanga huanza kupauka na kuwa manjano. Mkulima hununua mbolea, huitia, na rangi hairudi. Ndipo jirani humwambia, "Udongo wako una asidi. Tia chokaa." Naye kwa kuwa chokaa haiko mbali, hutoa fedha aliyoiweka kwa karo ya watoto na kununua magunia kadha.

Ushauri huo ni wa kweli kabisa mahali pengine katika Kenya. Lakini katika mashamba mengi ya pwani waweza kuwa hasara tupu, na tena hasara ambayo haifutiki kwa msimu mmoja. Mwezi huu twataka kueleza sababu yake. Jambo hili lawahusu zaidi wale waliopewa mashamba katika mipango ya makazi, kwa maana wengi wao, au wazazi wao, walijifunza kilimo katika udongo wa namna nyingine. Mpango wa Ziwa Kenyatta huko Mpeketoni ulianza mapema katika miaka ya 1970, na watu wengi waliokuja walitoka katika milima ya bara yenye udongo mwekundu. Walileta majembe yao na ujuzi wao. Lakini udongo walioukuta haukuwa ule walioujua.

UCHACHU WA UDONGO NI NINI?

Kila mtu ajua kwamba ndimu ni chachu na magadi si machachu. Udongo nao ndivyo ulivyo. Uko udongo mchachu, uko udongo wa katikati, na uko udongo wa chokaa, ambao ni kinyume cha uchachu. Mwaka 1909 bingwa mmoja wa Denmark, S. P. L. Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alitengeneza kipimo cha jambo hili, nacho huitwa pH. Kipimo hiki huhesabiwa kutoka 0 mpaka 14. Namba 7 ni katikati. Chini ya 7 ni uchachu, na juu ya 7 ni upande wa chokaa na magadi. Maji ya ndimu huwa 2 na kitu, maji ya bahari huwa 8 na kidogo, na maji ya chokaa iliyozimwa hupita 12.

Angalia vizuri, kila namba moja ina maana ya mara kumi. Udongo wa 5 ni mchachu mara kumi kuliko udongo wa 6, na mara mia kuliko udongo wa 7. Basi usidharau tofauti ya namba moja.

MADINI YANAYOTAKIWA KWA KIASI KIDOGO

Mmea hula naitrojeni, fosfeti na potasi kwa wingi, na ndiyo maana hizo huuzwa kwa magunia. Lakini mmea wahitaji pia chuma, zinki, manganizi, shaba, boroni na molibdeni. Haya huitwa madini madogo. Si madogo kwa kazi yake, ila kwa kipimo chake tu. Katika mavuno mazuri ya eka moja ya mahindi, zinki yote iliyoingia katika mimea haifiki nusu kilo. Lakini ikikosekana hiyo, mbolea yote uliyotia haitumiki sawasawa. Ni kama chumvi katika mchuzi, ambayo ni kidogo kuliko vyote chunguni, lakini isipokuwapo kila mtu hujua.

Sasa shika neno hili, kwa kuwa ndilo kiini cha makala yetu: mzizi hauna meno. Mzizi hunywa tu kile kilichoyeyuka katika maji ya udongo. Madini yaweza kuwa shambani mwako kwa wingi, na mmea ukafa njaa juu yake, ikiwa hayayeyuki. Na kinachoamua kama yatayeyuka au hayatayeyuka, zaidi ya kitu kingine, ni uchachu wa udongo.

Ukitaka kuona kwa macho yako, chukua vikombe viwili vya kioo. Katika kimoja tia maji ya ndimu, katika cha pili tia maji ya chokaa yaliyotulia. Tia msumari wenye kutu katika kila kikombe na uache siku tatu. Katika maji ya ndimu kutu itayeyuka, na maji yatabadilika rangi. Katika maji ya chokaa kutu itabaki pale pale juu ya msumari. Chuma ni kile kile, lakini kikombe kimoja kina chuma cha kunyweka na cha pili hakina.

Mabingwa wa elimu ya udongo wamehesabu kwamba kipimo kikipanda kwa namba moja, chuma kinachoyeyuka hupungua kama mara 1,000, na zinki kama mara 100. Manganizi na shaba nazo hupungua. Molibdeni peke yake hufanya kinyume, maana hiyo hufungwa katika uchachu na kufunguliwa katika chokaa.

UDONGO MCHACHU WA BARA

Katika nchi za mvua nyingi, maji huosha chokaa ya udongo na kuishusha chini, mwaka baada ya mwaka. Mbolea kama salfeti ya amonia na DAP, zikitumiwa muda mrefu, huzidisha uchachu. Chai hupenda hali hiyo, ndiyo sababu yasitawi Kericho. Lakini mahindi na maharagwe hayaipendi. Kipimo kikishuka chini ya 5 na nusu, aluminiamu huanza kuyeyuka na kuichoma mizizi, manganizi huzidi mpaka ikawa sumu, na fosfeti hufungwa. Kunde na maharagwe hupauka kwa kukosa molibdeni, maana vile vifundo vya mizizi vinavyotengeneza naitrojeni haviwezi kufanya kazi bila hiyo.

Jambo hili la molibdeni lilivumbuliwa katika Australia Kusini mwaka 1942 na bingwa A. J. Anderson. Kulikuwa na malisho ya jamii ya kunde yaliyokataa kusitawi, lakini palipotiwa majivu ya kuni au chokaa yalimea. Alipochunguza aliona kwamba kilichokosekana ni molibdeni, na kiasi kisichofika kilo moja kwa eka kilitosha.

Kwa udongo wa namna hiyo, chokaa ndiyo dawa. Mkulima wa Uasin Gishu au wa Kakamega anayepata mawe ya chokaa yaliyosagwa kutoka Koru, akayatia kwa kipimo alichopewa baada ya udongo wake kuchunguzwa, afanya vyema. Hayo ndiyo yasikikayo redioni, nayo ni kweli kwake yeye.

UDONGO WA RAS KITAU

Sasa njoo pwani, tusimame Ras Kitau, ile ncha ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela ng'ambo ya mkondo. Chota mchanga kiganjani. Utaona vipande vya makombe na matumbawe yaliyosagwa na bahari. Chimba kidogo na jembe litagonga mwamba, nao ni matumbawe vile vile. Mawe ya Manda yamechongwa na kuchomwa chokaa tangu zamani za wazee wetu. Nyumba za Lamu, na magofu ya Takwa katika kisiwa hicho hicho, vyote vilijengwa kwa matumbawe na chokaa.

Basi fikiri mwenyewe. Jiwe linalotiwa katika tanuri kutoa chokaa ni jiwe lile lile ambalo kwa kusagika limekuwa udongo wa shamba. Mtu anayenunua gunia la chokaa kulitia katika udongo wa namna hii ni kama anayenunua chumvi kuimwaga baharini, isipokuwa bahari haidhuriki naye shamba lake hudhurika.

Udongo wenye chokaa yake mwenyewe kwa kawaida huwa na kipimo kati ya 7 na nusu na 8 na nusu. Hapo chuma, zinki na manganizi hufungwa. Tena mchanga wa matumbawe tangu asili una chuma kidogo kuliko udongo mwekundu, kwa hiyo mmea hupata shida mara mbili. Na visima vya Manda vina maji ya chumvichumvi. Maji mazito ya namna hiyo, ukimwagilia kila siku, huongeza chokaa na chumvi juu ya iliyopo.

Usidhani ya Ras Kitau ni ya visiwani tu. Chokaa ya matumbawe hupatikana pia katika sehemu nyingi za bara ya pwani yetu, pengine juu, pengine chini ya mchanga. Lakini si shamba lote la Mpeketoni, Hindi au Witu lililo hivyo. Mahali pengine mchanga ni mzito na umeoshwa na mvua, na waweza kuwa mchachu kidogo. Mashamba mawili yaliyopakana huweza kutofautiana. Ndiyo maana hatuwezi kukuambia kwa gazeti kwamba udongo wako ni wa namna gani. Twaweza kukuambia tu jinsi ya kujua.

DALILI KATIKA MAJANI

Kabla ya kutoa fedha, tazama ni majani yapi yaliyougua kwanza.

Yakianza majani ya chini, yaliyokomaa, na umanjano ukaingia kutoka ncha kufuata mshipa wa kati, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Samadi au mbolea ya kawaida yatosha.

Yakianza majani machanga ya juu, na mishipa ikabaki kijani huku nafasi baina yake zikiwa manjano, mara nyingi ni chuma. Michungwa, mananasi na njugu karanga huonyesha jambo hili upesi.

Ukiona katika mahindi machanga mistari mipana iliyopauka, karibu nyeupe, pande mbili za mshipa wa kati na hasa sehemu ya jani iliyo karibu na bua, na mmea ukadumaa kwa kuwa vifundo vimekaribiana, hiyo ni zinki. Usiichanganye na ugonjwa wa milia, ambao huletwa na wadudu. Huo hutia vistari vyembamba vilivyokatikakatika jani zima, wala hauponi kwa madini.

JINSI YA KUPIMA

Kwanza, pima kwa siki. Twaa udongo mkavu uliopondwa kijiko kimoja, utie katika kisahani, na udondoshee siki au maji ya ndimu. Ukitoa povu na kuchemka kama soda, una chokaa. Hapo habari ya kutia chokaa imekwisha, usiifikirie tena. Usipotoa povu, bado hujajua kama ni mchachu, nawe endelea na hatua ya pili.

Pili, peleka udongo ukachunguzwe. Uliza ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe namna ya kuufikisha katika maabara ya KALRO. Chimba mahali kama 15, ukienda huku na huku shambani, kina cha sentimita 20. Usichukue penye kichuguu, penye jivu wala palipolala ng'ombe. Changanya udongo wote katika ndoo ya plastiki. Usitumie ndoo ya bati, maana bati limepakwa zinki, na zinki hiyo ikiingia katika udongo majibu yatakuwa ya uongo. Toa nusu kilo, uanike kivulini, uutie katika mfuko safi, na uandike jina lako, namba ya shamba na zao unalotaka kupanda.

Haraka haraka haina baraka. Gharama ya kupima ni ndogo kuliko ya gunia moja lililotiwa mahali pasipolihitaji.

UFANYE NINI UKIWA NA UDONGO WA CHOKAA?

Pengine utauliza, kwa nini tusiuondoe uchokaa huo kwa kutia kitu kichachu, kama salfa? Fanya hesabu nasi. Udongo wa juu wa eka moja una uzito wa kama tani 1,000. Ikiwa sehemu moja tu kwa mia ni chokaa, hizo ni tani 10 za chokaa, na kuzimaliza kwatakiwa zaidi ya tani 3 za salfa. Na mchanga wa matumbawe una chokaa nyingi kupita hapo. Hakuna mkulima awezaye. Njia za busara ni hizi.

Samadi na majani yaliyooza. Vitu hivi vikioza hutoa uchachu kidogo karibu na mizizi, tena huyashika madini na kuyazuia yasifungwe na chokaa. Usitawanye samadi yako kidogo shamba zima. Chimba mashimo, kila moja upana na kina cha sentimita 60 ikiwa mwamba waruhusu, ujaze samadi na majani, kisha upande humo. Watu wa visiwa vya Kiribati katika Bahari ya Pasifiki, ambao nchi yao yote ni matumbawe, tangu zamani huchimba mashimo mpaka penye unyevu na kulisha majani yaliyooza mmea wao uitwao babai, ulio jamii ya majimbi. Wengine katika siku za karibuni huongeza makopo yenye kutu. Elimu ya vitabu haikuwafundisha, lakini wamefanya lililo sawa.

Kunyunyizia majani. Kama mlango wa mizizi umefungwa, pitia mlango wa majani. Huko Hawaii mwaka 1916 bingwa M. O. Johnson alieleza jinsi mananasi yaliyokuwa manjano yalivyorudi kijani kwa kunyunyiziwa maji ya salfeti ya chuma. Kwa zinki, katika bomba la lita 20 tia gramu 100 za salfeti ya zinki. Katika chombo kingine koroga gramu 50 za chokaa iliyozimwa, uichuje kwa kitambaa, kisha uchanganye. Usishangae kuona chokaa hapa. Kazi yake ni kuzuia majani yasiungue, wala haiendi udongoni kwa kiasi cha kudhuru. Kwa chuma, tia gramu 100 za salfeti ya chuma katika lita 20, bila chokaa, na uitumie siku hiyo hiyo. Nyunyizia asubuhi mapema au jioni. Anza na mistari miwili tu, ungoje siku chache. Ukiona majani yameitikia, nyunyizia shamba, na urudie baada ya siku 10 mpaka 14.

Kuchanganya mazao. Wataalamu wa China walieleza mwaka 2000 kwamba njugu karanga katika udongo wa chokaa hupauka zikiwa peke yake, lakini zikipandwa pamoja na mahindi hubaki kijani zaidi. Mizizi ya mahindi hutoa kitu kinachofungua chuma, na njugu hufaidika kwa ujirani huo.

Kuchagua mmea unaokubali. Mtende, mkomamanga na mtini huvumilia chokaa. Nanasi na mkorosho hazipendi. Kupanda nanasi Ras Kitau bila kulinyunyizia ni kujitakia kazi.

YALIYO MWIKO

Usitie chokaa penye povu la siki. Usimwage majivu ya jikoni shambani humo, kwa maana majivu hufanya kazi kama chokaa. Yapeleke kwa jirani mwenye udongo mchachu. Usizidishe DAP ukidhani kwamba mbolea nyingi ndiyo tiba, maana fosfeti ikizidi huzidisha upungufu wa zinki. Na wale wa udongo mchachu, msitie chokaa kupita kipimo mlichopewa, kwa sababu mtu aweza kutoka katika taabu ya uchachu akaingia katika taabu hii ya Ras Kitau kwa mkono wake mwenyewe.

HABARI YA CHAKULA

Kuna jambo moja zaidi ya mavuno. Zinki isiyoingia katika mmea haiingii katika punje, na isiyo katika punje haifiki katika uji wa mtoto. Katika uwanda wa kati wa Uturuki, miaka ya 1990, mabingwa walichunguza mashamba ya ngano yaliyokuwa yakidumaa. Zinki ilikuwamo udongoni, lakini chokaa ilikuwa imeifunga. Walipotia mbolea yenye zinki, mavuno yalipanda, na zinki ndani ya punje ikaongezeka pia. Mtoto aliyepungukiwa zinki hachelewi kuugua kuhara, na mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri kwamba watoto wanaohara wapewe zinki kwa siku 10 mpaka 14 pamoja na maji ya chumvi na sukari.

Basi, ndugu mkulima, mvua isikukute bado wabahatisha. Wiki hii tafuta siki kidogo, upime udongo wa pembe zote za shamba lako, na uandike katika daftari mahali palipotoa povu na mahali pasipotoa. Kisha chimba ule udongo wa kupeleka maabara. Ukija ofisini, njoo na daftari hilo na majani mawili, moja la chini na moja la juu, kutoka mmea unaougua. Hapo Bwana Shamba atakuwa na kitu cha kukushauri, nawe utajua fedha yako yaenda wapi.